Hati za kaboni za misitu: mapitio ya mnunuzi aliyetaka ushoroba

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiinunulia taasisi ninayoifanyia kazi hati za kaboni zinazotokana na misitu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliamini kwamba ninanunua pia kitu kilichotajwa katika kila brosha niliyoletewa: ushoroba, yaani njia inayounganisha pori na pori ili wanyama, mbegu na maji viendelee kupita. Mapitio haya yanahusu bidhaa hiyo moja, hati ya kaboni ya msitu inayouzwa kwa sifa ya kuunganisha mapori, na swali ninalolijibu ni kama fedha inayotolewa inalinda kile kinachotangazwa. Kwa uzoefu wangu, inalinda msitu kwa kiwango cha wastani, na inalinda muunganiko kwa bahati tu.

Nianze na bidhaa yenyewe, kwa sababu wengi wanaoinunua hawajawahi kuifungua waone imetengenezwaje. Hati moja ni tani moja ya hewa ukaa, au gesi nyingine zenye athari inayolingana nayo, ambayo inadaiwa haikuingia angani kwa sababu msitu fulani haukukatwa. Mwenye mradi hukadiria ni msitu kiasi gani ungepotea kama mradi usingekuwepo, kisha hupima kilichopotea kweli, na tofauti ya namba hizo mbili, baada ya kutoa uharibifu uliohamia kwa jirani na sehemu inayowekwa katika akiba ya pamoja kwa ajili ya moto na majanga mengine, ndiyo inayogeuzwa kuwa hati. Mkaguzi wa nje huthibitisha hesabu, rejesta hutoa namba ya utambulisho kwa kila hati, na mnunuzi akishaitumia hati hiyo hufutwa ili isiuzwe tena. Kwa upande wa huduma sina malalamiko makubwa: rejesta iko wazi kwa yeyote, nyaraka za mradi zinasomeka bila kuomba ruhusa, na ndani ya dakika chache mtu anaweza kuiona hati aliyoilipia ikiwa imefutwa kwa jina lake.

Ubora wa hesabu ni jambo jingine, na mnunuzi wa leo hawezi kujifanya hajasikia. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza miradi 26 ya kuzuia ukataji wa misitu katika nchi sita, na watafiti wakakuta kwamba mingi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa, na pale ulipopungua, ulipungua kwa kiasi kidogo kuliko kilichodaiwa. Verra, taasisi inayosimamia kiwango kinachotumika zaidi katika soko hili, ilipinga ukosoaji wa namna hiyo, lakini mwaka huohuo ilitoa utaratibu mpya, VM0048, ambao pamoja na mengine unamwondolea mwenye mradi uhuru wa kujichagulia makadirio yanayompendeza. Mabadiliko hayo ninayaunga mkono. Hata hivyo, mjadala wote huo ulihusu kama tani ni tani kweli. Hakuna aliyeuliza kama kilichobaki kimesimama kimeungana, na hapo ndipo nilipoumia mimi.

Mradi nilioununua kwa wingi kuliko yote, ambao sitautaja jina wala dalali aliyeniuzia, ulikuwa na neno ushoroba katika jalada la waraka wake, na juu ya neno hilo picha ya tembo wakitembea kwa mstari. Ndani kulikuwa na ramani. Vipande viwili vya msitu vilipakwa kijani kibichi, kimoja kaskazini na kimoja kusini, na kati yake kulikuwa na mkanda wa rangi ya njano hafifu wenye upana usiozidi kilomita mbili. Mshale ulichorwa kupita katikati ya mkanda huo, na mtu asiye na haraka angeweza kusoma maelezo ya rangi yaliyokuwa pembeni kwa herufi ndogo: kijani ni eneo la mradi, njano ni eneo la jirani. Mimi nilikuwa na haraka. Mshale ndio nilioununua, na mshale ulipita juu ya ardhi ambayo mradi haukuilipia hata senti moja.

Miaka miwili baadaye, kabla ya kulipia awamu ya tatu, nilifungua picha za setilaiti ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona. Katika picha ya mwaka wa kwanza mkanda ule ulikuwa nyasi tupu, wenye vichaka vichache na vijia vyembamba vya wanyama vilivyokutana kwenye kijito kama nyuzi zinazofungwa fundo. Katika ya pili kulikuwa na doa jeupe linalong'aa, bati jipya la nyumba moja. Katika ya tatu mabati yalikuwa saba, na kutoka la kwanza hadi la mwisho ulinyooka mstari mwembamba ambao mwanzoni niliudhani ni njia ya gari, mpaka nilipoikuza picha nikaona vivuli vya nguzo: ulikuwa uzio. Vijia vya wanyama viliishia hapo, na upande wa pili wa uzio havikuonekana tena. Nilirudi kwenye ripoti ya mkaguzi ya mwaka uleule, nikakuta imeandikwa kwamba ukataji wa miti ndani ya eneo la mradi ulikuwa chini kabisa ya makadirio. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyedanganya. Bidhaa ilikuwa imeleta kilichoandikwa katika mkataba, na ushoroba ulikuwa umefungwa.

Niliposoma zaidi niligundua kwamba hata kama mwenye mradi angetaka kuuingiza mkanda ule katika hesabu, asingeweza. Tangu makubaliano ya Marrakesh ya mwaka 2001, nchi zinazohesabu misitu kwa ajili ya hali ya hewa zimekuwa zikichagua tafsiri ya msitu ndani ya mipaka maalumu: kivuli cha matawi kinachofunika kati ya asilimia 10 na 30 ya ardhi, miti inayoweza kufikia urefu wa kati ya mita 2 na 5, na eneo lisilopungua kati ya hekta 0.05 na 1. Nyasi na vichaka vya mkanda ule havikufika popote katika vipimo hivyo. Kwa macho ya bidhaa hii, ardhi isiyo msitu haina cha kukatwa, na isiyo na cha kukatwa haina cha kuokolewa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema niliuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini nisingekuwa nimeitendea haki bidhaa, kwa sababu kasoro yake haitokani na dalali mmoja mwenye maneno matamu. Inatokana na namna inavyohesabu. Kaboni hufuata kanuni ya haba na haba hujaza kibaba: hekta yoyote inayookolewa huongezwa kwenye jumla, na haijalishi iko wapi wala imepakana na nini. Ukiokoa vipande tisa kati ya kumi, umepata tisa ya kumi ya faida. Ushoroba haufuati kanuni hiyo hata kidogo. Ni mnyororo, na mnyororo wenye pete tisa nzima na moja iliyokatika hauvuti kitu. Thamani yake haiko ndani ya hekta yoyote peke yake bali katika mfuatano wa hekta, kwa hiyo bidhaa inayolipa kwa kujumlisha haina mahali pa kuiandika thamani hiyo.

Kwamba thamani hiyo ipo, si suala la hisia. Robert MacArthur na Edward O. Wilson walieleza mwaka 1967 kwa nini visiwa vidogo vilivyo mbali hubaki na spishi chache kuliko visiwa vikubwa vilivyo karibu na bara, na haikuchukua muda wanaikolojia kuona kwamba msitu uliozungukwa na mashamba nao ni kisiwa. Karibu na Manaus, nchini Brazil, Thomas Lovejoy na wenzake walianza mwaka 1979 kufuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vilivyotengwa kwa malisho ya ng'ombe, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba kwa baadhi ya ndege wanaoishi chini ya kivuli cha miti, uwazi usiofika hata mita 100 ulikuwa ukuta. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilikadiria kwamba asilimia 70 ya misitu iliyobaki duniani iko ndani ya kilomita moja tu kutoka kwenye ukingo wa msitu, mahali ambapo upepo, joto na moto huingia kwa urahisi. Serikali zenyewe zilikubaliana huko Montreal, Desemba 2022, kwamba asilimia 30 ya ardhi na bahari ihifadhiwe ifikapo mwaka 2030 katika maeneo yaliyounganishwa vyema. Neno hilo limo katika makubaliano. Katika hati ninayoinunua halina safu.

Tatizo linazidi tunapotazama gharama. Chukua mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Kuna misitu miwili, kila mmoja una hekta 10,000, na kila hekta ina tani 400 za hewa ukaa zilizofungwa ndani ya miti. Kati yake kuna mkanda wa hekta 500 wenye tani 40 kwa hekta. Misitu ina tani milioni 8. Mkanda una tani 20,000, yaani robo tu ya asilimia moja ya jumla. Hata tafsiri ya msitu ingelegezwa na mkanda ukaruhusiwa kuingia, mgawo wake wa malipo ungekuwa wa kumtoa mtu machozi. Sasa fikiria ardhi hiyo inavyokuwa kwa kawaida: ni tambarare, iko karibu na maji, na mara nyingi barabara imepita hapohapo kwa sababu wajenzi wa barabara, kama wanyama, hupenda njia rahisi. Kwa hiyo mwenye ardhi ya mkanda ndiye mwenye mengi ya kupoteza akikubali kutolima na kutojenga, na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Bidhaa inatoa fedha nyingi kwenye miteremko ya mbali ambako hakuna aliyekuwa na haraka ya kulima, na inafika mikono mitupu mahali ambapo uamuzi unafanyika kweli.

Kuna jambo la tatu, ambalo wachumi huliona mapema kuliko wanaikolojia. Tuseme mkanda una wamiliki kumi na kila mmoja anafuatwa peke yake, na kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 90 wa kukubali. Kwa kaboni hiyo ni habari njema, maana kwa wastani utapata tisa ya kumi. Kwa ushoroba, uwezekano wa wote kumi kukubali ni takriban asilimia 35. Na wamiliki si wajinga. Baada ya majirani tisa kusaini, wa kumi anajua kwamba ameshika kipande ambacho bila yeye fedha yote iliyotangulia ni bure, na bei yake hupanda kwa haki kabisa, kwa sababu sasa anauza thamani ya njia nzima. Mradi unaolipa kwa tani hauna namna ya kumjibu mtu huyo. Unaweza tu kumwambia kwamba nyasi zake zina tani 40 kwa hekta.

Zipo bidhaa nyingine zinazojaribu kulijibu tatizo hili, na nimezitazama kama mnunuzi anavyotazama duka la jirani. Ninayoipenda zaidi ni bonasi ya ujirani, wazo lililofanyiwa majaribio na Gregory Parkhurst, Jason Shogren na wenzao katika utafiti wa mwaka 2002. Mwenye ardhi hulipwa kiwango cha kawaida kwa kila hekta anayoihifadhi, kisha huongezewa malipo ikiwa hekta hiyo inapakana na ya jirani aliyehifadhi pia. Uzuri wake ni kwamba kazi ya kumshawishi mmiliki wa kumi wanaifanya wale tisa, ambao sasa bonasi yao inamtegemea. Uswisi imekuwa ikiwalipa wakulima nyongeza kwa maeneo ya asili yaliyopangwa kama mtandao tangu mwaka 2001, na katika jimbo la Oregon, Marekani, mpango wa kuhifadhi kingo za mito umewahi kutoa malipo ya ziada pale ambapo sehemu kubwa ya kingo za kipande kimoja cha mto imeandikishwa. Udhaifu wake nao usifichwe: majirani wanatakiwa kuaminiana, na walipo wengi kupita kiasi kila mmoja humngoja mwenzake aanze.

Kosta Rika ilichukua njia ya kati. Sheria yake ya misitu ya mwaka 1996 iliweka malipo kwa wenye ardhi kwa ajili ya huduma nne za msitu, ambazo ni kaboni, maji, bioanuwai na mandhari, na fedha kubwa ya kuanzia ilitoka katika kodi ya mafuta ya magari. Kinachonivutia ni kwamba mfuko unaosimamia malipo hayo, FONAFIFO, unapopokea maombi mengi kuliko fedha iliyopo huyapa kipaumbele mashamba yaliyo ndani ya shoroba zilizotambuliwa. Mahali alipo mtu panahesabika. Bado mwenye ardhi hujitolea mwenyewe kuomba, kwa hiyo mapengo yanabaki, lakini angalau pengo linajulikana kuwa ni pengo.

Banff, nchini Kanada, ni mfano wa bidhaa finyu inayofanya kazi vizuri. Barabara kuu inayokatisha hifadhi hiyo ya taifa imewekewa uzio pande zote mbili na vivuko vya wanyama, 6 vya juu na 38 vya chini, na kwa takwimu za hifadhi, ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hapa hesabu ya fedha ni rahisi kwa sababu hasara ya kutokuwa na njia inaonekana barabarani: mwaka 2009 Marcel Huijser na wenzake walikadiria kwamba ajali moja ya gari na kulungu Amerika Kaskazini hugharimu kwa wastani zaidi ya dola 6,600 za Marekani, na ya elki, aina ya kulungu mkubwa, zaidi ya dola 17,000. Mahali penye ajali nyingi, kivuko hujilipa. Lakini kivuko kinaunganisha tu ardhi iliyo pande mbili za lami. Kama upande mmoja umeshajengwa, ni daraja zuri la kwenda uani kwa mtu.

Nikirudi kwenye hati ya kaboni, haki inanitaka niseme ni wapi inafaa. Inafaa pale ambapo ushoroba wenyewe ni msitu. Mradi wa Kasigau, kusini mashariki mwa Kenya, uliokuwa wa kwanza duniani kupewa hati za aina hii chini ya VCS, kile kiwango kinachosimamiwa na Verra, mwaka 2011, uko katika ardhi kavu yenye migunga na miti mingine ya nyika kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa hiyo eneo linalolipiwa kwa tani na eneo la kupita wanyama ni lilelile. Pale yanapokutana hivyo, mnunuzi wa tani anapata na njia. Inafaa pia kama chanzo cha fedha ya kudumu kiasi, kwa kuwa doria, mishahara na kamera za kunasa picha za wanyama haviwezi kuendeshwa kwa msaada wa mwaka mmoja mmoja. Kuhusu lebo ya CCB ambayo baadhi ya hati hubeba, inayothibitisha manufaa kwa jamii na bioanuwai, ninaiona ni nyongeza yenye maana kwa sababu inamlazimisha mwenye mradi kuonyesha anafuatilia nini; ila idadi ya hati haipandi wala haishuki kwa sababu ya uzio uliojengwa nje ya mpaka, na kinacholipiwa kinabaki kuwa tani.

Kati ya nyota tano, ninaipa hati ya kaboni ya msitu nyota tatu kwa mtu anayenunua tani na amesoma makadirio yake, na nyota moja na nusu kwa mtu anayenunua ushoroba. Nusu hiyo ni ya miradi inayofanana na Kasigau kwa umbo la ardhi.

Mwaka huu tumeigawa bajeti yetu sehemu mbili. Sehemu kubwa inaendelea kununua hati, ila dalali yeyote anayetaja neno ushoroba huombwa kwanza atume faili la mipaka ya mradi, siyo ramani iliyopakwa rangi, na mimi hulipandisha juu ya picha za setilaiti kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa waraka wake. Sehemu ndogo tumeiweka katika mkataba wa kusubiri na wamiliki wa mkanda mwingine, mwembamba kuliko ule wa kwanza: kila mmoja amepokea malipo madogo ya kutia saini, na malipo kamili ya kila mwaka yataanza siku ambayo wote kumi na wanne watakuwa wamesaini. Hadi ninapoandika wamesaini kumi na wawili. Wa kumi na tatu ameomba apewe muda hadi baada ya mavuno, na wa kumi na nne anazungumza na majirani zake kwanza, jambo ambalo ndilo tulilotaka afanye.